Santuri Ambayo Haikupata Kutolewa

Bi Rosel Kirchhübel alifika saa tisa kamili alasiri, santuri yake ikiwa imeviringishwa ndani ya taulo la kuogea. Nyuma yake alikuja dada yake mkubwa, Bi Traudel, amebeba keki ya jibini kwa mikono miwili, na uso wa mtu aliyekuja mahakamani kwa upande wa mashtaka.

"Mimi sikuja kwa ajili ya santuri," alitangaza kabla hata ya kuvua koti. "Nimekuja kuona aibu ya mdogo wangu kwa macho yangu mwenyewe. Kisu kiko wapi? Keki hii haikatwi kwa kijiko."

Nikamletea kisu. Chumba chetu cha mikutano kilikuwa nyuma ya mkahawa wa bustani za wanachama, kusini mwa Leipzig, mahali ambapo siku nyingine wakulima wa nyanya hugombania urefu wa uzio. Jumamosi ya pili ya kila mwezi kilikuwa chetu, sisi Chama cha Wapenzi wa Santuri za Shelaki, zile santuri za zamani nzito, za utomvu wa wadudu, zinazovunjika kama sahani ya udongo. Mimi, Jette Oelmann, nilikuwa katibu wa kamati ya utambuzi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi minne kabla, nina shahada ya historia ya muziki, na niliamini kwa moyo wote kwamba ndani ya kila santuri kuna mtu anayesubiri kusikilizwa. Bado naamini hivyo, ingawa siku ile imani yangu ilitikiswa kwa kipande cha pamba.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ottokar Wendrich, aliyefanya kazi miaka arobaini akitengeneza meno bandia, na pengine ndiyo maana hakuna kitu duniani alichokichukia kama bandia. Wa pili alikuwa Bwana Bodo Zschoche, fundi wa tramu mstaafu, ambaye alisifika kwa pua yake. Wa tatu ni mimi. Hao wawili walikuwa wamekaa meza moja kwa miaka thelathini na moja na mpaka leo wanaitana Bwana.

"Tuanze," alisema Bwana Wendrich. "Bi Katibu, andika. Mwombaji, eleza ombi lako."

Bi Rosel alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Nina miaka themanini na minne," alisema. "Baba yangu aliondoka kwenda vitani nikiwa na miaka mitatu, hakurudi. Sura yake siikumbuki. Nilicho nacho ni picha moja, na maneno ambayo mama aliyasema mpaka kufa kwake: kwamba baba alikwenda Berlin siku moja, akapiga mluzi ndani ya santuri, wimbo unaitwa Jumapili Bila Kofia. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni, kwa yule muuza vikorokoro, nikaikuta katikati ya nyimbo za kanisa. Nataka mniambie kama ni ya kweli. Jumamosi ijayo dada yangu anatimiza miaka tisini. Nataka cheti mtakachonipa kisomwe mbele ya watu wote, halafu aache kumwita baba yetu muongo."

"Alikuwa mwoka mikate," alisema Bi Traudel, akikata keki. "Mwoka mikate mzuri, na muongo mzuri. Alimwambia mama kwamba aliwahi kucheza karata na mfalme wa Bulgaria."

"Labda alicheza!"

"Na Rosel alimwamini. Ana miaka mitatu, yumo kwenye kiti chake cha kunyea, anamwamini."

Bwana Zschoche aliangua kicheko, kisha akakigeuza kuwa kikohozi kwa sababu Bwana Wendrich alikuwa amemtazama.

Santuri ilitolewa kwenye taulo. Lebo yake ilikuwa ya bluu iliyofifia, na ndege mweusi amechorwa juu: alama ya kampuni ya Amsel. Chini ya jina la wimbo iliandikwa *Okestra ya Dansi ya Edwin Korff, pamoja na mluzi wa pekee*. Jina la mpiga mluzi halikuwepo.

Nikamtazama Bwana Wendrich. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Jumapili.

Nilijua kwa nini. Bwana Wendrich ndiye aliyeandika kitabu. Kina kurasa mia sita, kimemchukua miaka thelathini na ndoa moja, na ndani yake mna kila santuri iliyotolewa na Amsel tangu siku ya kwanza mpaka kiwanda kilipoungua mwaka wa 1943. Katika ukurasa wa 512, chini ya Jumapili Bila Kofia, ameandika maneno mawili: *Ilitangazwa. Haikutolewa.* Kama santuri hii ilikuwa ya kweli, kitabu kilikuwa na kosa. Na Bwana Wendrich alikuwa na desturi ya kusema, hata katika mazishi ya wenzake, kwamba kitabu hakina kosa.

"Kwanza jicho," alisema, akavaa jichoni lenzi yake ya zamani ya kazini, ile aliyokuwa akitazamia magego. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa lebo. Kati ya mwisho wa muziki na lebo kuna sehemu tupu, na hapo kiwanda hugonga namba ya kurekodia, ndogo kama maandishi ya sisimizi. "Namba ni sahihi."

"Eh, hiyo ni habari njema," nilisema.

"Ni habari mbaya, Bi Katibu. Miaka ya tisini kulikuwa na mghushi mmoja kule Halle. Alikuwa akitengeneza santuri za plastiki na kubandika lebo za zamani. Unadhani namba alizipata wapi? Ndani ya kitabu changu. Kila bandia aliyotoa ilikuwa na namba sahihi kabisa."

"Ngoja kwanza," Bwana Zschoche alisema, mdomo umejaa keki. "Namba ikilingana na kitabu, ni bandia."

"Inatia shaka."

"Na isipolingana?"

"Hapo ni bandia dhahiri."

"Sasa ya kweli ni ipi, Bwana Wendrich?"

"Za kweli ziko nyumbani kwangu, Bwana Zschoche. Tuendelee. Itazameni inavyong'aa. Santuri za wakati wa vita hazing'ai. Shelaki ilikuwa haiingii tena nchini, ikabidi wasage santuri kuukuu na kuzitengeneza upya. Zote zina rangi ya majivu. Hii inang'aa kama kiatu cha bwana harusi."

Bi Rosel alifungua mdomo kutaka kusema neno, lakini Bwana Wendrich alikuwa ameshainua kidole. "Mwombaji atanyamaza wakati wa uchunguzi."

"Hiyo nimeipenda," alisema Bi Traudel. "Hebu rudia."

Ilikuwa zamu ya Bwana Zschoche. Aliinua santuri, akaisawazisha juu ya ncha ya kidole, akaigonga ukingoni kwa kifundo. Ikalia *tok*, fupi na kavu.

"Shelaki," alisema.

"Au plastiki nene."

"Plastiki inalia *puu*, Bwana Wendrich. Hii imelia *tok*. Nimegonga magurudumu ya tramu miaka thelathini na nane, mimi na masikio yangu tunafahamiana." Kisha akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikapata joto, akaiweka puani, akafumba macho. Sote tukasubiri. Shelaki iliyopashwa joto ina harufu yake, na pua ya Bwana Zschoche haikuwahi kuikosa. Akanusa mara ya pili. Akanusa ya tatu. Akafumbua macho kama mtu aliyeamka nyumba ya jirani.

"Inanuka kabati," alisema.

"Kabati?"

"Kabati la bibi yangu. Ndimu na nta. Sielewi."

"Mimi ninaelewa," alisema Bwana Wendrich, na sauti yake ikawa na upole wa kutisha. "Inang'aa, haina harufu ya shelaki, na wimbo wenyewe haukupata kutolewa. Bi Kirchhübel, nasikitika. Umeuziwa plastiki."

Bi Rosel alikaa. Mikono yake ilianza kukunja taulo, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja nguo za maiti. Nikasema, kwa sauti iliyotoka nyembamba kuliko nilivyokusudia: "Bwana Mwenyekiti, bado hatujaisikiliza."

"Sikio ni la mwisho. Kila upigaji unakula santuri, na kanuni zinasema kwanza tujue ni ya kitu gani. Lakini sawa. Tutajua sasa hivi, mbele ya wote, isije ikasemwa kwamba kamati hii inaonea wazee." Akachomoa kutoka mkobani chupa ndogo ya spiriti na donge la pamba.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo mpenzi yeyote wa santuri hulijua kabla hajajua jina la mama mkwe wake. Shelaki huyeyuka kwa spiriti. Unaweza kuiosha kwa maji, kwa sabuni, hata kwa chai baridi ukiwa huna akili, lakini tone la spiriti linaifuta kama mvua inavyofuta chaki. Plastiki, kinyume chake, haiogopi spiriti hata kidogo. Bango lililokuwa ukutani juu ya kichwa cha Bwana Wendrich, aliloliandika kwa mkono wake, lilisema: SPIRITI MARUFUKU CHUMBANI HUMU.

"Bwana Wendrich," alisema Bwana Zschoche, na kwa mara ya kwanza nikaona ameweka uma chini. "Doa dogo tu. Pale katikati pasipo na muziki."

"Doa dogo ni la mtu mwenye mashaka, Bwana Zschoche. Mimi sina."

Akalowesha pamba, akaikandamiza ukingoni mwa santuri, pale muziki unapoanzia, akaizungusha mzunguko mzima, taratibu, kama anavyopaka mtu siagi kwenye mkate wa mgeni. Akarudia mzunguko wa pili. Kisha akaiinua pamba ili sote tuone ilivyo nyeupe.

Ilikuwa nyeusi.

Nje, mtu alikuwa akikata nyasi kwa mashine. Ukingo wa santuri ulikuwa umefifia na kuwa kama moshi, ukanda mwembamba, nusu ya unene wa penseli, mifereji yake imelala. Na pale ambapo mng'ao ulikuwa umeondoka, rangi iliyobaki ilikuwa ya majivu.

"Ni shelaki," alisema Bwana Zschoche polepole. "Ya wakati wa vita. Hongera, Bwana Wendrich. Umethibitisha."

Bwana Wendrich alikuwa bado ameshika pamba hewani. Midomo ilicheza bila sauti. Nadhani alikuwa akijaribu kusema *haiwezekani*, lakini alikuwa ameishika mkononi.

"Ile harufu," nilimgeukia Bi Rosel. "Na ule mng'ao. Bi Rosel, ulifanya nini?"

"Niliisugua kidogo tu," alisema. "Jana, kwa ile nta ya fanicha. Ilikuwa na rangi mbaya mno. Nikasema, inakwenda mbele ya kamati, isionekane maskini." Akatazama nyuso zetu mmoja mmoja. "Sikupewa nafasi ya kusema. Nilitaka kusema. Je, bwana ameisafisha vizuri?"

"Ameisafisha vizuri sana," alisema Bi Traudel. "Ameisafisha mpaka muziki."

"Nimeifuta," alisema Bwana Wendrich hatimaye. Alikaa. Alionekana mzee ghafla, naye hakuwa ametuonyesha hilo kabla. "Bi Kirchhübel, pengine ni santuri moja tu duniani ya aina hii. Nimeifuta mwanzo wake. Mimi."

Nilidhani Bi Rosel atalia au atampiga kwa taulo. Badala yake aliruka. Nasema aliruka, akiwa na miaka themanini na minne, na viatu alivyoandikiwa na daktari.

"Ni ya kweli! Traudel, umesikia? Ni ya kweli! Bwana mwenye meno amesema!"

"Nimesikia," alisema Bi Traudel. "Santuri ni ya kweli. Kwani mimi nilisema hakuna santuri duniani? Soma lebo. Jina la baba liko wapi? 'Mluzi wa pekee.' Wa nani? Ujerumani nzima ilikuwa inapiga mluzi."

Bi Rosel alimgeukia Bwana Wendrich. Bwana Wendrich akashusha macho. Vyovyote alivyokuwa, hakuwa mtu wa kuandika asichokijua.

"Dada yako anasema kweli," alisema. "Naweza kuthibitisha kampuni, mwaka, okestra. Jina la mpiga mluzi siwezi. Kumbukumbu za kiwanda ziliungua. Cheti kitasema: mpiga mluzi hajulikani."

Nilimwona Bi Rosel akipokea neno hilo. *Hajulikani.* Hilo ndilo lingesomwa Jumamosi mbele ya wageni arobaini. Ingekuwa heri wangesema ni plastiki.

"Sasa ni zamu ya sikio," nilisema. Sikuomba ruhusa. Niliichukua santuri kwa viganja, nikaiweka juu ya mashine, nikashusha sindano ukingoni.

Ikatoka ngurumo. Ilikuwa kama kukaanga viazi ndani ya ngoma. Nilitazama saa ya ukutani: sekunde kumi na moja, na katika kila moja Bwana Wendrich alijikunja kama anayeng'olewa jino. Halafu ngurumo ikakatika, na okestra ikawa chumbani nasi. Saksofoni mbili, piano moja, ngoma ya kukwangua. Dansi nyepesi, ya watu waliojua kwamba hawapaswi kuicheza kwa wepesi kiasi hicho. Kisha vyombo vikarudi nyuma, ukaingia mluzi.

Sijui nieleze vipi. Haukuwa mluzi wa mtu anayeita mbwa. Ulikuwa na mwili. Ulipanda ngazi, ukasimama juu kama unatazama mtaa, ukateremka ukirukaruka. Bi Rosel alifumba mikono kifuani na kutazama spika kana kwamba mtu angechomoza humo.

Mimi nilimtazama Bi Traudel, kwa sababu alikuwa ameacha kutafuna.

Midomo yake ilikunjamana. Mwanzoni nilidhani anataka kudharau. Kisha ikatoka sauti, nyembamba, yenye upepo mwingi kuliko mluzi, ya mwanamke wa miaka themanini na tisa mwenye meno ya juu ya kutengenezwa. Alikuwa anaufuata wimbo. Hapana. Nikasikiliza tena. Hakuwa anaufuata. Alikuwa mbele yake. Kila pindo la wimbo alilipiga kidogo kabla ya santuri.

Nikainua sindano.

Okestra ikanyamaza. Bi Traudel hakunyamaza. Macho yalikuwa kwenye keki, lakini hakuwa anaiona. Alipanda, akazunguka mara mbili juu, halafu akashuka kwa namna ya ajabu, kama mtu anayeteremka ngazi na kukuta daraja moja halipo, akajishika, akamalizia chini. Ndipo alipogundua kimya.

"Mbona mmezima?" aliuliza.

"Bi Traudel," nilisema, "huo umeusikia wapi?"

"Upi?"

Sikumjibu. Nilirudisha sindano pale pale nilipoitolea. Mluzi ukapanda. Ukazunguka mara mbili juu. Ukashuka, ukakosa daraja moja, ukajishika, ukamalizia chini.

Bwana Zschoche alitoa sauti ambayo tramu hutoa inaposimama. "Bwana Wendrich. Wimbo huu uliwahi kupigwa na okestra nyingine?"

"Hapana. Nota zake ziliungua pamoja na kiwanda."

"Redioni?"

"Hapana."

"Basi huyu mama aliusikia wapi? Labda alinunua santuri dukani?"

"Haiwezekani kabisa," alisema Bwana Wendrich, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye kitabu, ukakifungua ukurasa wa 512. "Hii hapa ni santuri ya sampuli, moja ya chache walizogonga kabla ya moto. Madukani haikufika. Nimeandika wazi: haikuto..." Akasimama. Niliona wazo likimfikia, polepole, kama basi la vijijini. "Haikutolewa. Kwa hiyo hakuweza kuusikia kwenye santuri. Aliusikia kwa mtu aliyeupiga." Akapiga ukurasa kwa kiganja. "Kitabu kinathibitisha! Bwana Zschoche, kitabu hakikukosea!"

"Afadhali," alisema Bwana Zschoche. "Nilikuwa naanza kukuonea huruma, nikasikia vibaya."

Lakini dada wawili hawakuwa wakitusikiliza. Bi Rosel alikuwa amesogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Traudel. Uliusikia wapi?"

"Jikoni," alisema Bi Traudel. "Baba alikuwa akiupiga anapokanda unga. Mwezi mzima. Pale pa kushuka alikuwa anapakosea, anarudia, anapakosea. Siku moja akasema, mwache, hivyo hivyo ni pazuri zaidi." Alichukua kitambaa cha meza akafuta kisu ambacho kilikuwa safi. "Aliporudi kutoka Berlin nilimwambia darasa zima. Mwalimu akasema, basi ilete tuisikie. Nikaenda dukani. Unakumbuka sharti lao? Hukumbuki, ulikuwa unanyea nguo. Huwezi kununua santuri mpya bila kupeleka mbili za zamani. Nikachukua mbili za mama. Muuzaji akasema, Jumapili Bila Kofia haipo, lakini hizi ulizoleta nimeshazipokea, chagua nyingine. Nikarudi na gwaride la jeshi. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena. Mama alikuwa na santuri kumi na mbili nzuri, Rosel. Kufika Juni tulikuwa na sita, zote gwaride."

Bwana Zschoche aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Bi Rosel naye alikuwa ameziba mdomo, na machozi yake yalikuwa ya aina mbili kwa pamoja.

"Ndiyo maana mama alikuwa anachukia gwaride!"

"Ndiyo maana. Darasani waliniita binti wa mwoka hewa. Na siku baba anaondoka, pale stesheni, aliinama kunibusu, nikamwambia: muongo." Alikiweka kisu mezani, sambamba kabisa na sahani. "Nina miaka themanini na tisa. Mtu hawezi kukaa na neno kama hilo mpaka umri huu kama halikuwa la kweli. Ilibidi liwe la kweli."

Mashine ya kukata nyasi ilinyamaza huko nje. Nilitaka kusema jambo zuri, la mtu aliyesoma. Namshukuru Mungu sikulipata.

"Baba alijua," alisema Bi Rosel. "Mtoto wa miaka minane. Alijua ni hasira."

"Wewe ungejuaje? Ulikuwa na miaka mitatu."

"Na wewe ulikuwa na minane, na umekuwa na minane mpaka leo."

Pua ya Bi Traudel ikatoa kicheko kidogo, kama kifuniko cha birika.

Bwana Wendrich alikohoa. Alikuwa amevaa tena sura ya mwenyekiti, ingawa ilimkaa upande. "Kanuni zetu," alisema, "zinatambua lebo, namba, mali ghafi na sauti. Hazitambui mluzi wa shahidi."

"Natoa hoja kanuni zibadilishwe," alisema Bwana Zschoche.

"Naunga mkono," nilisema.

"Wanaokubali?" Nikainua mkono, Bwana Zschoche akainua, Bi Rosel akainua, na Bi Traudel, ambaye hakuwa mwanachama wa chama chochote tangu ukuta uanguke, akainua mkono wenye kisu. Bwana Wendrich alihesabu kura halali tu. Kisha, baada ya kupambana nafsini kwa namna ambayo sote tuliiona, akainua wa kwake. "Imepita kwa kauli moja. Bi Katibu, leta fomu. Na uandike pia kwamba mwenyekiti aliharibu sekunde kumi na moja za mwanzo. Kwa spiriti. Chumbani humu."

"Si lazima, Bwana Mwenyekiti."

"Andika, binti. Siku hizi watu husoma vyeti."

Nikaandika. Kampuni, mwaka, okestra, hali ya santuri. Nilipofika mstari wa mpiga mluzi niliandika *Arno Kirchhübel, wa Leipzig*.

"Kazi yake?" niliuliza, kwa sababu fomu ilikuwa na kisanduku cha kazi.

"Mwoka mikate," alisema Bi Rosel.

"Mpiga mluzi," alisema Bi Traudel.

Nikasubiri kalamu ikiwa juu ya karatasi. Bi Rosel aligeuza kiti kumtazama dada yake.

"Andika mpiga mluzi," alirudia Bi Traudel kwa hasira. "Kwa herufi kubwa, wale wa nyuma waone. Mikate ilikuwa ya kulipia pango tu. Na Jumamosi nitakisoma mwenyewe, wewe huna sauti."